Mafundi wa Timur

Mwezi wa pili mwaka 2015, theluji ikiwa imefika magotini huko Burnsville, Perpétue aliomba ruhusa atoke kazini mapema. Hakuwahi kufanya hivyo tangu aanze kuhudumia wazee katika nyumba ile ya matunzo. Binti yake Shekinah, mwenye miaka kumi na mitatu, alikuwa na maonyesho ya historia shuleni, na alikuwa amewasihi wazazi wake wote wawili wafike saa kumi kamili, kabla majaji hawajaanza kupita.

Kila mwanafunzi alitakiwa achague mtu mmoja wa kale, aeleze uongozi wake na urithi aliouacha. Wenzake wengi walichagua marais na wavumbuzi. Shekinah alimchagua Timur, mfalme Mwislamu wa Samarkand, aliyekufa zaidi ya miaka mia sita iliyopita. Alikuwa ameiona picha ya kuba la buluu katika kitabu cha maktaba, na kuanzia siku hiyo hakuwa na habari nyingine mezani.

Perpétue alimkuta mumewe, Jotham, akimngojea kwenye maegesho ya shule. Alikuwa bado amevaa koti zito la bohari ya vyakula vya barafu alikofanya kazi. Walikuwa wameoana katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, wakapata mtoto huko, na mwaka 2009 wakaletwa Minnesota. Jotham alikuwa mtu mpole, wa maneno machache. Alichomwambia mkewe kuhusu maisha yake ya nyuma kilikuwa kifupi: alilima maharage huko Masisi, mashariki ya Kongo, vita ilipofika akakimbia siku ileile. Perpétue hakuwa na sababu ya kutilia shaka. Mguu wa kitanda chao ulipovunjika, Jotham alimwita Wanjala, jirani yao Mkenya, autengeneze, na yeye mwenyewe akasimama pembeni kumshikia tochi.

Ukumbi wa michezo ulijaa meza na mabango. Shekinah alikuwa amesimama mbele ya bango lake, blauzi nyeupe imepigwa pasi mpaka kwenye kola.

“Maman, Papa, ngoja niwa-explain kwa Kiswahili,” alisema. “Majaji wakifika nitasema kwa Kiingereza.”

Akaanza. Timur alizaliwa mwaka 1336, mtoto wa ukoo usio na makuu sana. Alijeruhiwa mguu wa kulia akiwa kijana, akachechemea maisha yake yote, ndiyo maana maadui zake walimwita Kiguru. Kwa miaka thelathini na mitano alipigana, kutoka Damasko mpaka Delhi, na hakuna jeshi lililomshinda kabisa. Alikuwa Mwislamu, lakini miji mingi aliyoichoma ilikuwa ya Waislamu wenzake, na Wakristo wa huko nao hawakupona.

“Watu wa Isfahan waliasi,” aliendelea, akigusa mchoro wa penseli. “Basi akaamuru kila kikosi kilete idadi yake ya vichwa. Wakajenga minara.”

Perpétue aliusogelea mchoro. Alidhani ni rundo la mawe, kumbe mawe yale yalikuwa na macho. Mtoto wake, aliyelia mwezi uliopita kwa sababu ya paka aliyegongwa barabarani, alikuwa amekaa sebuleni akivichora vichwa hivi kimoja kimoja, na yeye mama mtu alikuwa jikoni akikaanga ndizi.

“Nani kakufundisha kuchora vitu kama hivi?”

“Ni historia, Maman. Iko kwa vitabu. Lakini sasa angalia huku, huku ndiko kuzuri.” Shekinah aliwavuta upande wa pili wa bango, kwenye makuba ya buluu na milango ya vigae. “Kila mji alioteka, aliwatenga mafundi. Waashi, maseremala, wafua chuma, watu wa vigae. Hao hakuwaua. Aliwapeleka Samarkand wakamjengea. Leo huko Uzbekistan ana sanamu yake juu ya farasi. Kwa hiyo hapa nimeandika ‘Aliwaokoa mafundi.’ Alijua kuthamini watu wenye kipaji.”

“Hakuwaokoa,” Jotham alisema.

Shekinah alicheka kidogo, akidhani baba yake anatania. “Papa, iko kwa kitabu.”

“Kitabu hakikuwepo. Litoe hilo neno.” Midomo yake ilikuwa imekuwa ya kijivu. “Wanasema mafundi simameni huku, na wewe unaenda. Unaenda kwa miguu yako. Wengine unawaacha kule.”

Kisha akakaa chini, palepale sakafuni, mgongo kwenye mguu wa meza. Perpétue alipiga magoti, akamshika kifundo cha mkono na kuhesabu mapigo, kama afanyavyo kwa wazee wake. Moyo ulikuwa unakwenda mbio. Majaji wawili walikuwa tayari meza ya tatu kutoka pale.

“Baki na kazi yako,” alimwambia Shekinah. “Papa anahitaji hewa.”

Alimwongoza mpaka kwenye ukumbi mrefu wenye makabati ya wanafunzi. Alitaka kumtafutia maji. Jotham akamzuia kwa mkono.

“Mama Shekinah, mimi ni seremala.”

Perpétue hakuelewa. “Seremala gani?”

“Sikuwahi kulima maharage. Nilikuwa nachonga. Siku askari walipokuja, nilikuwa shule ya msingi, natengeneza madawati. Komanda wao alikuwa anajengewa nyumba mlimani. Alituweka uwanjani, akauliza nani ni fundi.”

“Shule gani?”

Jotham aligeukia makabati. Perpétue akauliza tena, na safari hii sauti yake iligonga makabati ikarudi. Kaka yake mkubwa, Kalume, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi huko Masisi. Alichukuliwa na askari mwaka 1999 pamoja na watu wengi, na tangu hapo hapakuwa na habari. Mama yao alikuwa bado Nakivale, akimuulizia kwa kila mkimbizi mpya aliyeshuka kwenye lori.

“Ya Kalume,” Jotham alisema.

Perpétue aliitazama midomo ya mumewe ikisogea, na kwa muda hakusikia kitu. Maneno yaliporudi, Jotham alikuwa anaeleza jinsi alivyodanganya. Alisema mwalimu ni msaidizi wake. Komanda hakubisha, aliagiza tu waletewe ubao na msumeno. Askari akamkabidhi Kalume msumeno, akamwambia akate.

“Msumeno ukaenda upande,” Jotham alisema. “Alikata kidogo, ukakwama, ukaenda upande. Nilidhani ni woga.”

“Walimpa mkono gani?”

“Nini?”

“Msumeno! Walimwekea mkono gani?”

Jotham alifumba macho kukumbuka. “Wa kulia.”

“Kalume alitumia wa kushoto,” Perpétue alisema. “Kila kitu, wa kushoto.”

Jotham alifunika uso. Alimwambia yaliyobaki akiwa hivyohivyo: kwamba Kalume alirudishwa kwa wale wengine, akabebeshwa mawe mlimani mpaka wakamuua, kwamba yeye mwenyewe alijenga nyumba ile miezi saba kabla ya kutoroka, kwamba alikwenda Nakivale kuitafuta familia ya mwalimu ili awaambie. Akamkuta msichana akichota maji, akauliza jina lake. Kesho yake alirudi kumwambia, akashindwa. Wiki iliyofuata akashindwa tena. Baadaye alikuwa tayari anampenda, na hofu ikawa ya aina nyingine.

“Miaka kumi na tano,” Perpétue alisema. “Umelala kitandani kwangu ukijua.”

Aliondoka akapanda gari. Aliwasha injini ipate joto, asiende popote. Shekinah ndiye aliyemfuata, bila koti, akagonga kioo. Macho yalikuwa mekundu. Baba yake alikuwa amemweleza machache. Majaji walipopita, mtoto huyo alikuwa ameshafuta kwa kalamu nene neno “aliwaokoa” na kuandika “aliwateka.” Jaji mmoja aliuliza amelipata wapi jambo hilo. Alijibu kwamba amelipata kwa baba yake. Alishika nafasi ya tatu, na hakuendelea mbele.

Kwa siku nne Perpétue hakumsemesha mumewe. Alipika, akaweka chakula, akaondoka mezani. Kazini, Philister, muuguzi Mkenya aliyefanya naye zamu, alimkuta chumba cha mashuka ameegemea rafu, akamshika tu bega bila kumuuliza kitu. Siku ya tano, Jumamosi asubuhi, Perpétue aliweka simu mezani mbele ya Jotham.

“Utamwambia Mama mwenyewe. Sitakusemea.”

Jotham alisema yote, polepole, simu ikiwa imefunguliwa sauti. Upande wa Nakivale kulisikika kuku, na mwanamke akimwita mtu, na pumzi ya yule mama mzee. Hakumkatiza hata mara moja. Alipomaliza, mama aliuliza swali ambalo Perpétue, kwa mshtuko wake, hakuwa amelifikiria.

“Nani alimzika?”

“Mimi, Mama. Nyuma ya jiko la nyumba ile. Sikuwa na sanduku. Nilikuwa nimemaliza kuchonga mlango wa komanda, mlango wa mbele. Nikauchukua. Nilimfunika kwa huo kabla ya kurudisha udongo.”

“Hawakuuliza mlango uko wapi?”

“Waliuliza.”

Perpétue alimtazama. Alizijua zile alama za mgongoni. Alikuwa ameambiwa ni za moto wa utotoni.

“Ulikuwa wa mbao gani?” mama aliuliza.

“Libuyu.”

“Libuyu,” mama alirudia. “Hiyo haiozi upesi, mkwe wangu.” Na hapo ndipo alipoanza kulia, kilio kirefu cha msiba kilichokuwa kimezuiwa miaka kumi na sita, na wanawake wa jirani wakasikika wakikimbia kuja.

Matanga yalifanyika Burnsville Jumapili iliyofuata. Wakongomani wa kanisani walijaa sebuleni mpaka kwenye ngazi, na Wanjala alileta viti vya kukunja. Perpétue alikaa kwenye mkeka. Hakumwambia Jotham kwamba amemsamehe, wala Jotham hakuomba. Mchungaji alipouliza ni nani atasimulia maisha ya marehemu, watu walitazamana, kwa maana waliomjua Kalume hapo walikuwa wawili tu.

“Baba Shekinah,” Perpétue alisema. “Anza wewe. Anzia kwenye madawati.”