Kadi Themanini na Nne

Mwalimu wetu wa shule ya jioni alisema neno la Kiingereza "run" lina maana nyingi kuliko nywele za kichwa chake. Alikuwa na upara, darasa zima likacheka. Mimi nilikwenda nalo nyumbani. Nilikuwa mpiga pasi katika kiwanda cha kufulia nguo, shule nimeiachia darasa la nne, na nilitaka kitu kigumu cha kupambana nacho.

Kila maana niliiandika kwenye kadi niliyoikata kutoka kwenye maboksi ya mashati. Mtu hukimbia, mto hutiririka, kamasi hutoka, injini huunguruma, duka huendeshwa, rangi ya nguo huchuja: yote hayo ni neno hilo moja. Miaka ilikwenda, kadi zikafika themanini na nne. Kazini wakanibandika jina la Profesa. "Profesa, neno lako leo limekimbilia wapi?" Niliendelea kupiga pasi. Barua ya Kiingereza ilipokuja kiwandani, hawakuitwa wao kuisoma.

Aliyenipima ni mke wangu. Kila jioni nilipiga pasi shati langu la kesho yake, nimempa mgongo, yeye ameketi kitandani na kadi. Nilitaja maana moja baada ya nyingine. Alisema, "Sawa," au, "Hapo umeteleza, mume wangu, fikiri tena." Hakukosea hata mara moja. Niliwaambia watu kwamba nyumbani kwangu tumesoma wawili.

Mwaka huu kiharusi kilimchukua upande wa kulia, na maneno yote. Daktari alisema, "Mzungumzishe, mzee. Neno alilolizoea zaidi ndilo huenda likatangulia kurudi."

Kwangu hilo halikuwa fumbo. Nilizishusha kadi kabatini. Kila siku baada ya uji nilimwekea moja katika mkono wake mzima na kumwambia, "Haya, mama. Hii ni ipi?" Alinitazama. Wiki ya kwanza nilimbembeleza. Mwezi wa pili nilianza kupandisha sauti. Aligeuza uso ukutani, nami nikaugeuza kwa kidole.

Binti yetu aliingia na beseni la maji ya kumwogeshea. "Baba, mwache mama apumzike."

"Namrudishia alichokijua. Wewe unajua nini?"

"Najua kadi ameishika kichwa chini."

Nilitazama. Kweli.

"Ni ugonjwa," nikasema.

"Siyo ugonjwa." Aliweka beseni chini. "Aliniapisha nisikwambie. Mama hajui kusoma, baba. Hajawahi kujua."

"Acha upuuzi. Alinisahihisha miaka thelathini!"

"Alikuwa anautazama mkono wako wa pasi. Ukiwa na hakika, pasi inakwenda. Ukibabaika, inasimama. Ikisimama, anakwambia umeteleza. Nilikuwa nakaa hapo miguuni pake, ananifinya nisicheke."

Niliketi. Mke wangu alikuwa akitutazama kwa zamu, na chozi limesimama katika jicho la upande uliolala. Nikakumbuka jambo ambalo halijawahi kunisumbua hata kidogo. Karibu kila jioni, akizifunga kadi kwa uzi, aliniuliza, "Na mimi utanifundisha lini?" Nami nilimjibu bila kugeuka. Shati lilikuwa na kola, na kola haitaki haraka.

Nilimtoa kadi mkononi taratibu. Nikaigeuza upande usioandikwa, nikachora herufi "a" kubwa kama yai. Nikamwekea penseli katika vidole vya mkono wa kushoto, nikavifunika kwa vyangu.

"Hii ni a," nikamwambia. "Tunaanza na hii. Mengine baadaye."

Penseli ilikwaruza kidogo, ikateleza, ikaanguka ndani ya beseni. Binti yetu hakuiokota. Midomo ya mama yake ilikuwa imeanza kutetemeka, nasi sote wawili tukainama. Tulikuwa tumelingoja neno hilo miezi miwili.

Lilitoka limepinda, lakini lilisikika vizuri.

"Kesho," alisema.

Ndilo jibu nililomzoeza.

"Hapana, mke wangu," nikasema. "Leo. Leo hii." Niliitafuta penseli ndani ya maji, nikaipangusa kwa shati langu. Nilipoinua kichwa alikuwa amegeukia ukuta tena, na safari hii sikuthubutu kumgeuza.