Ulimi wa Muuza Sambaza

...na aeleze nini sasa, kwani yeye ni redio, mama huyu wa Gitambi ana mgonjwa wake kitanda cha pili na bado shingo imegeukia huku tangu asubuhi, "Maman, tuambie basi, papa wa mtoto iko anakataa nini?", tuambie, tuambie, utafikiri kuna mtu wodi hii ambaye hajasikia, hata yule anayefagia amesimamisha ufagio, na Mama Mudathiru hana la kufanya ila kumimina uji, kutoka kikombe cha bluu kwenda cha bati, kutoka cha bati kurudi cha bluu, upoe, ingawa anajua mtoto hatakunywa, mtoto hajameza kitu tangu jana, malaria ndiyo imemnywa yeye, imemnywa mpaka ukifungua kiganja chake unaona weupe wa muhogo uliomenywa, Nasiba huyu, mjukuu wake, ambaye juma lililopita alikuwa anakimbiza kuku wa jirani pale Kamembe na kumwita kila kuku kwa jina la shangazi yake mmoja, leo anapumua mbiombio kama kifaranga kilichonyeshewa, na dawa imeingia, dawa inafanya kazi, lakini damu ndiyo imekwisha mwilini, muuguzi Védaste amelisema wazi, kwa Kinyarwanda, kwa Kiswahili, na kidogo kwa Kifaransa ili lisikike la daktari, mtoto anataka damu, damu ipo, mfuko wa aina yake uko kwenye friji mwisho wa korido, baba aseme ndiyo tu, upesi, jioni isimkute hivi, na baba amesimama dirishani, amewapa mgongo, mgongo wa fundi cherehani, umepinda hata pasipo cherehani mbele yake, Mudathiru, mwana wa tumbo lake, hasemi ndiyo, hasemi hapana, anatazama nje kwenye majani ya migomba kana kwamba jibu limeandikwa huko... na mkewe Teta amekaa ukingoni mwa kitanda, ameshika wayo wa mtoto, hoja yake yeye imeshashindwa, Teta alikulia ng'ambo, Bukavu, na kwao muntu wako akitaka damu unaleta muntu wako, unamujua, unamuona kwa macho, kwa hiyo alimwita kaka yake Gisa, na Gisa akaja mbio na mkono wa shati umeshakunjwa tangu kwenye pikipiki, na Védaste akamwambia kwa upole, asante sana, nenda ukatoe, lakini damu yako itakwenda kwenye akiba, itapimwa, itampata itakayempata, hapa hatuchagui wa kumpa wala wa kutupa, na kwenye mfuko hakuna jina, kuna namba na aina, basi, ndipo Gisa akatoka na mkono wake uliokunjwa kama mtu aliyevaa vizuri akakuta harusi imeahirishwa, maskini, yuko kwenye ngazi huko nje, hajaushusha... hakuna jina, na heri lisiwepo, nchi hii iliwahi kuuliza damu hii ni ya nani, iliuliza kila njia panda, na jibu lake limezikwa kila kilima, acheni mfuko ukae bila jina lake.

"Ni mambo ya dini?" anauliza wa Gitambi, ameshajibu mwenyewe kichwani, unaona jinsi anavyotazama kofia ya Mudathiru, na dini haimo, mama, dini imeshapigiwa simu, yeye mwenyewe Mama Mudathiru alimpigia sheikh, akaweka sauti ya juu, na sheikh akasema maisha kwanza, asicheleweshe, akakata simu kwenda kuswali, kwa hiyo ni nini, kiburi?, Mudathiru hana kiburi, Mudathiru akimkanyaga mbuzi anamwomba radhi, ndivyo alivyo, mpole kupita kiasi, mteja akiiba kitambaa yeye anauliza kama kimemtosha, na Nasiba amemchukua yeye, upole ule ule, hawajachukua kitu kwake hao wawili, alhamdulillah au ole wao, hajui... uji bado unatoa mvuke, na pale dirishani Védaste amemsogelea, anaongea chini chini lakini sauti ya mwanamume haina chini, "unaogopa ugonjwa? Imepimwa yote, Papa Nasiba, yote", na Mudathiru, ambaye kila aliyevaa nyeupe ni daktari kwake, "haiko ugonjwa, docteur, niko naogopa tabia", tabia?, tabia gani tena, "damu inabeba tabia ya mwenyewe, yule mutoto hajatukana muntu tangu azaliwe, kesho anaamuka na hasira ya mulevi fulani sijui wa wapi, nani ataniletea Nasiba wangu?", na Védaste hacheki, Mungu ambariki kwa kutocheka, "hiyo ulisoma wapi?", "sikusoma, docteur, nilikulia ndani yake, uliza maman yangu pale."

Uji umemwagika kidoleni. Umeunguza, na yeye, ambaye hata mwiba wa kisigino huutukana ukoo mzima, amekaa na kidole kinywani, maman yangu pale, maman yangu pale, ni yeye huyo, yeye ndiye ushahidi... lo, Latifu, mume wangu, umeona ulichokifanya?, walikuwa wakiishi Bukavu wakati ule, Latifu akiuza vitenge, na Mudathiru akaja na kichwa chake kikubwa, akatoka vizuri, na baada yake ikatoka damu, ikatoka kama bomba lililopasuka, na huko ilikuwa hivyo, lete muntu wako, Latifu akajitoa yeye, wakapima, haikupatana na ya mkewe, akakimbia nje ya lango akilia, mwanamume mzima na kofia yake, analia katikati ya wauza ndizi, na mwanamke mmoja alikuwa amekaa na beseni la sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, akainuka, Latifu alikuwa anamwigiza vizuri sana, mikono kiunoni, kidevu juu, "weye mwanaume, bibi yako iko anakufa na weye iko unalia kama ndama? Chunga sambaza yangu, paka akikula moja nitakukula weye", akaingia, wakapima, ikapatana, akalala, akatoa, akatoka, akatazama beseni lake, akaondoka, hata jina hakuacha, kumbe huko nako hapakuwa na jina, Teta na muntu wako unamujua, nani alimjua yule?, akatoka kwenye barabara na akarudi kwenye barabara, na Mama Mudathiru akafumbua macho, mtoto yuko ubavuni, mume yuko miguuni, na neno lake la kwanza duniani baada ya kurudi kutoka kule lilikuwa, Latifu, unanuka samaki, kaoge, na Latifu akacheka mpaka akakaa chini, akasema, jamani, huyu si mke wangu tena, huyu ni yule wa sambaza.

Ikawa hivyo, ikaota mizizi, mama mkwe akiambiwa mchuzi wake unafaa kufulia, Latifu, msameheni, si yeye, ni yule wa sambaza, jirani akirudishiwa maneno yake na ziada, si yeye, ni damu, na watu wakacheka, wakasamehe, wakampenda hata, na waliporudi upande huu wa mto wakavuka nayo darajani pamoja na godoro na sufuria, Kamembe nzima ikaijua, na yeye alikaa ndani ya mzaha ule kama ndani ya blanketi, alijua wazi kwamba ulimi ni wake, alifukuzwa shule nao akiwa hajajua kuandika zaidi ya jina lake, alimwambia mwalimu chaki inajua kuliko yeye, na Latifu alijua pia, siku alipokuja kuposa alimpokea mlangoni kwa kumwambia viatu vyako vimetangulia kuoa, kimoja kimeshaachika, na akaingia hata hivyo, akaketi, akaposa, Latifu alijua, hakuamini hata siku moja habari za damu, alikuwa anamfunika tu, ndiyo njia yake ya kupenda, wengine huleta sukari, yeye alileta kisingizio... ila chini ya meza palikuwa na kitoto chenye kichwa kikubwa, kinasikiliza, hakicheki, na mtoto neno halitafuni, analimeza zima, akakua nalo, akashona nalo, akaoa nalo, na leo amesimama nalo dirishani wakati Nasiba anapumua kama kifaranga, ni blanketi lile lile, ndilo linalomziba mtoto pumzi, na mwenye kosa ni Latifu, tusidanganyane, lakini Latifu amelala salama kaburini na maiti haidaiwi kitu, kwa hiyo nani...

"Mudathiru." Hakugeuka. "Weye fundi wa mashati yenye mkono mumoja murefu, geuka." Akageuka. "Huu ulimi ni wangu." "Maman?" "Haiko ya yule mama. Nilizaliwa nao. Papa yako aliukuta mlangoni siku ya posa, viatu vyake ni mashahidi." "Lakini Papa alisema..." "Papa yako alikuwa anatania, alikuwa ananifunika, na mimi nikaona joto nikanyamaza. Damu ya yule mama ilinipa kitu kimoja, ilinipa kuamuka. Nikaamuka, nikakunyonyesha. Basi." Mudathiru amemtazama kama anapima kitambaa asichokiamini, "na siku ya harusi yangu, ile uliambia baba mkwe juu ya tumbo lake?", "yangu", "na ile ya imamu?", "yangu, na bado niko nayo nyingine", ndipo Teta naye akainua uso, mara ya kwanza tangu asubuhi, wayo wa mtoto bado mkononi, "na ile ya ugali wangu, Maman? Ya kwamba unaweza kujengea choo? Miaka yote nilikuwa nasema, masikini, haiko yeye, ni damu", na hapa alikitazama kikombe kwanza, kwa sababu Teta ni mkwe mwema, na ugali ule haukuwa mbaya kiasi kile, "hata hiyo, binti yangu, yangu kabisa", na Mudathiru akamtazama mwanawe kitandani, akamtazama mamaye, akapangusa uso kwa kofia, "docteur", akasema, "ilete", na viatu vya Védaste vikasikika vikienda mbio mwisho wa korido.

Uji bado wa moto, ameurudisha kwenye kikombe cha bati, mtoto bado amefumba macho, wa Gitambi bado amegeuza shingo, "kumbe ni weye mwenyewe, Maman!", na hapo hapo jibu likamjia, lilikuwa zuri, lilikuwa na bata mzinga ndani yake na shingo ndefu na mambo yasiyomhusu, likafika mpaka kwenye meno, likasimama, likamtafuta yule wa sambaza alibebe kama alivyobeba yote, na yule wa sambaza hayupo, ameshaachiliwa, ameondoka na beseni lake, kuanzia leo kila litakalotoka litatoka na jina la mwenyewe, na Mama Mudathiru, kwa mara ya kwanza tangu alipojua kusema, akafumba mdomo na kulimeza, na lilikuwa chungu, na hakuwa na wa kumlaumu.