Vyuma vya Mlingoti

Tangu Bibi ateleze bafuni na kuvunjika mkono, nyumba yake ilitangaziwa hali ya hatari. Mazulia madogo yalifukuzwa sakafuni, malapa yakatupwa, na binti yake, muuguzi asiye na mzaha, akatoa hukumu: akianguka tena atahamia kwake, ghorofa ya tatu, chumba chenye dirisha linalotazama ukuta. Bibi alijibu kwamba huko kweli haanguki mtu, maana hakuna pa kwenda.

Kazi ya kufunga vyuma vya kushikilia bafuni ilimwangukia mwanawe, seremala ambaye mtaa mzima ulimwita Mlingoti kwa urefu wake. Alipima kama apimavyo makabati yake yote: alisimama, akanyoosha mkono, akatia alama ulipofika. Vyuma vikakazika. Vingebeba hata ng'ombe.

Kesho yake asubuhi Bibi alikaa kwenye kigoda cha bafuni, akaosha miguu, akavaa viatu vipya vya soli ya mpira, akanyoosha mkono ili asimame. Chuma kilikuwa juu kama bendera. Vidole vikapapasa vigae.

Akajaribu kujisukuma; magoti yakagoma. Simu iko sebuleni. Akiita jirani, jirani atampigia muuguzi kabla hajamaliza kusema pole. Basi akakaa. Akahesabu vigae, akajitetea kimoyomoyo kama wakili: aliyekaa hajaanguka. Saa nzima ikapita, miguu ikafa ganzi, na hoja ile ikazidi kukosa nguvu. Mlango ulikuwa hatua tatu tu mbele yake, wazi kabisa.

Mlingoti alimkuta hapo alipokuja kuchukua msumeno wake aliousahau.

"Mama, umeanguka?"

"Nimekaa. Usininyanyue kwanza. Tia alama hapa mkono wangu unapofika."

Akachora mstari, uso umemshuka. Ndipo akamnyanyua. Akauliza kwa sauti ndogo kama kuna haja ya dada kujua.

"Mpigie wewe," Bibi akasema, "na umwambie nani aliyekosea."

Mlingoti, aliyemwogopa dada yake kuliko radi, akaeleza yote. Bibi akashika ukingo wa meza.

"Safari hii umempima akiwa amekaa?" muuguzi akauliza.

"Amekaa."

"Basi toboa. Jioni nakuja kuvijaribu mwenyewe. Mwambie mama asifungashe kitu."