Kombe la Nyangi

Stanslaus, mwenyekiti wa kijiji kimoja karibu na Kibara, alimfuata Tereza kwenye chanja za kuanikia dagaa kumpa habari njema. Mashindano ya mpira ya Jumamosi yangeitwa Kombe la Nyangi, kumkumbuka binti wa Tereza aliyefariki kwa malaria akiwa kidato cha tatu.

Tereza aliendelea kugeuza dagaa. Mwenyekiti huyu ndiye aliyesimama kwenye mkutano wa kijiji akasema msichana anayevaa kaptula na kudaka mipira anatafuta wanaume, shule ni kisingizio tu. Sasa Nyangi hawezi tena kumjibu, ndiyo amekuwa shujaa wake.

"Timu ngapi?" aliuliza.

"Nane, Mama Nyangi! Mpaka Bunda wanakuja."

"Za wasichana ngapi?"

Stanslaus alicheka. "Wasichana tumewapangia kupika ubwabwa, mama."

"Na mwanangu angekuwepo, angekaa golini au jikoni?"

Mwenyekiti alikohoa, akatazama viatu vyake vilivyong'arishwa. "Mabango yameshaandikwa. Wewe kazi yako ni kukabidhi mbuzi kwa washindi."

"Yafute. Andika Kombe la Stanslaus, maana wewe ndiye hupendagi kuwaona wasichana wakicheza. Jina la mwanangu siyo la kuwapikishia wenzake."

"Mama, watu watanicheka!"

"Yeye walimchekaga miaka mitatu, na mazoezini alikuwa anaenda," Tereza alisema, akahamia chanja ya pili. "Wewe utachekwa Jumamosi moja tu."