Namna Yangu ya Kuomba Msamaha

Mimi Wahome nilikuwa sijawahi kumwambia mtu "nisamehe", na sikuona haja. Nilikuwa na chai. Nikimkosea mke wangu Wacera, kesho yake naamka kabla yake, nawasha moto, nachemsha chai ya maziwa mengi na kumpelekea kitandani. Yeye anakunywa, anasema, "Umeweka sukari mingi," na mambo yameisha. Tuliishi hivyo miaka thelathini na moja hapa Tetu, tukamlea binti yetu Nduta katikati ya majani chai yetu wenyewe, na hakuna mchungaji aliyewahi kuitwa kutupatanisha.

Halafu wakaja Wamormoni.

Walikuwa vijana wawili wa mashati meupe na tai, wamepanga nyumba mtaa wa Skuta kule mjini, hawaendi popote ila wawili wawili. Mmoja alikuwa Mmarekani, Sorensen, miaka kumi na tisa, na kifuani ana beji inayomwita mzee wa kanisa. Hata ndevu hana! Mwenzake alikuwa Okwera, mtu wa Gulu kule Uganda, mkubwa wake kwa miaka miwili na kwa akili pia. Walitukuta shambani mwezi wa pili, Sorensen akanisalimu kwa Kiswahili cha vitabuni kilichonifanya nijione mgeni kwangu.

"Shikamoo, mzee. Twaweza kuwasaidia kazi?"

Mkono wa bure sikatai. Nikawapa vikapu. Nilisahau kuwaambia kwamba chai huchumwa majani mawili na kichipukizi, maana hapa kwetu hata mtoto wa nasari anajua. Sorensen akavuna kama anayekatia ng'ombe nyasi. Jioni, kwenye kituo cha kupimia chai, karani Gathogo akamwaga gunia letu mezani, akainua tawi refu, akaniuliza kama nimeanza kuuza kuni. Watu walinicheka wiki nzima.

Wiki iliyofuata vijana wakarudi, wakaomba wafundishwe kuchuma. Hapo nikawapenda kidogo, ingawa sikumwambia mtu. Shida ilikuja Wacera alipowaletea chai, nao wakaikataa kwa heshima zote. Dini yao hairuhusu chai wala kahawa. Mgeni akatae chai yangu, nyumbani kwangu, niliyoipanda kwa mikono yangu! Nilinuna waziwazi. Wacera akaenda akawapikia uji, wakanywa vikombe vitatu kila mmoja.

Basi ikawa kila Jumatano wanakuja. Wanachuma, wanakunywa uji, kisha wanakaa na Wacera na vitabu vyao. Nilimuuliza anaona nini huko ambacho hakipo kwenye kanisa letu, alikoimba kwaya tangu tuoane.

"Wakisoma, wananiuliza mimi nafikiria nini," akasema. "Halafu wananyamaza wasikie."

Nilijua nasemwa mimi. Mwezi wa sita akaacha chai, na akaniambia atabatizwa Jumamosi ya pili ya mwezi wa saba.

"Kwa hivyo hii chai tunapanda ni dhambi?"

"Kuuza haina shida, Baba Nduta. Niliwauliza, wakapigia mkubwa wao simu. Ni kunywa tu."

"Ati ni kunywa tu!"

Hasira hiyo niliilea. Jumatatu ya wiki ile ya ubatizo nilikuwa kituoni, na wenzangu wakaanza kunitania kwamba mama amehamia kwa wazungu. Ningecheka nao, yangeisha. Lakini nikasema kwa sauti ya kusikika kila mahali, "Huyo aliacha shule darasa la nne. Mtu yeyote mwenye tai akimwambia kitu, anaamini."

Wacera alikuwa nyuma yangu, gunia mgongoni. Alipima chai yake, akachukua risiti, akaenda nyumbani. Hakuna aliyecheka. Moyo wangu ulishuka hadi ndani ya viatu vyangu vya gambuti.

Asubuhi nilifanya ninachojua kufanya. Nikachemsha chai, nikampelekea. Akakitazama kikombe, kisha akanitazama mimi.

"Asante, lakini niliacha."

Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililonitisha. Jumatano nikajaribu uji, kitu ambacho sijawahi kupika maishani. Ulikuwa na madonge unayoweza kuyahesabu. Akaumaliza wote, akasema asante, akatoka kwenda kukamua. Kwake uji ulikuwa chakula tu.

Vijana walipokuja siku hiyo, nilimvuta Okwera hadi mstari wa mwisho wa shamba.

"Mama haongei na mimi. Nyinyi mmemnyang'anya chai, sasa nitafanya nini?"

Alichuma kidogo kwanza. "Mzee, si umwambie tu umekosa?"

"Wewe umeoa?"

"Bado."

"Basi chuma chai."

Akachuma. Baada ya muda akasema, bila kuinua kichwa, "Sisi tukimkosea mtu mbele ya watu, tunarudi kwa hao watu." Nilikasirika upya, safari hii kwa sababu alikuwa amesema kweli. Na niliogopa. Jumamosi Wacera angeingia kwenye yale maji na kutoka akiwa mtu mpya, na mimi ningebaki huko nyuma pamoja na mambo aliyoyaacha. Mtu anaweza kumpoteza mke akiwa naye ndani ya nyumba, na mimi nilikuwa nimeshaanza.

Ijumaa jioni foleni ya kituoni ilikuwa ndefu, na ukungu wa mwezi wa saba ulikuwa umefunika mashamba yote. Wacera alikuwa watu wanne mbele yangu. Nikashusha gunia.

"Gathogo, ngoja kidogo. Niko na neno."

"Kama ni mambo ya kilo, mzani ni mzima."

"Si kilo. Jumatatu nilisema vibaya juu ya Mama Nduta hapa. Nilisema ni kama hana akili. Sasa mjue, barua za kiwanda zikikuja, mimi mtu wa darasa la saba huwa sielewi kitu. Ni yeye hunisomea na kunielezea." Nikautazama mgongo wa Wacera. "Mama Nduta, nilikosa. Nisamehe."

Wacera hakugeuka.

"Ati nini? Sikusikia vizuri."

Alikuwa amesikia. Ng'ombe wa bonde la pili walikuwa wamesikia. Nikarudia, kwa sauti kubwa zaidi.

"Sawa," akasema. "Gathogo, pima chai."

Tuliteremka nyumbani pamoja. Karibu na lango akaniuliza, "Ilikuwa ngumu?"

"Sana."

"Mimi chai ya maziwa mingi hata sipendi. Nimekunywa miaka thelathini na moja nikingoja useme."

Niliona aibu kwa asubuhi zote zile nilizojiona mjanja, nikalia kidogo, naye akaniacha nilie.

Jumamosi tulitoka mapema kwenda mjini. Njiani nikamwambia nataka kuomba msamaha upya, kuanzia mwaka wa tisini na tatu tulipooana, yote niliyokuwa nimeyafunika kwa chai. Nikaanza na mbuzi wake niliyemuuza bila kumwambia. "Walikuwa wawili," akasema. Nikaomba msamaha kwa wawili. Tulipofika kwenye ukumbi wao, Sorensen alikuwa anabeba sufuria za maji ya moto kupunguza baridi ya tangi la ubatizo, na mimi nilikuwa nimefika mwaka wa tisini na nane.

Wacera akavua kitambaa cha kichwa, akanipa nimshikie.

"Wacha nibatizwe kwanza," akasema. "Tutaendelea tukirudi."