Kidole cha Papa Germain

Baba yangu, Germain, alikuwa fundi wa rangi bandarini Kalemie, kando ya ziwa. Aliandika majina ya meli na namba za mabehewa, na mkono wake ulikuwa umenyooka kuliko wa fundi yeyote pale. Mwaka mmoja kabla sijazaliwa, mwalimu Mbelgiji aliyekuwa akifunga mizigo kurudi kwao aliwaambia waliompakia rangi nyumba kila mmoja achague kitu. Wenzake walichukua viti, pasi, redio. Papa alichukua kitabu.

Kilikuwa kizito, chenye jalada la kahawia, kimejaa picha za wachoraji wa Ulaya, na juu ya kila picha kulikuwa na karatasi laini nyembamba kama ganda la kitunguu. Maneno yalikuwa ya Kiflama, lugha ya kwao yule mwalimu. Kwetu hakuna aliyeyajua, kwa hiyo picha tulizibatiza wenyewe: Mama wa Dirisha, Wazee wa Karata, Bibi Harusi Mwenye Hasira. Ukurasa mmoja tuliuita Pepa. Ng'ombe watatu wanavuka maji, mwanamume amesimama ukingoni ametupa mgongo, kando yake mtumbwi mwekundu, na mbali kabisa kanisa dogo kama punje ya mchele. Papa alizaliwa kule Pepa, juu kwenye malisho, na alipouona ukurasa huo mara ya kwanza alicheka akasema, "Hawa ng'ombe nawajua."

Jumapili baada ya misa nilinawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye viwiko. Papa aliinusa kwanza, ndipo tukaketi mkekani. Mama yangu, Monique, alizaa watoto wanne na mimi peke yangu ndiye niliyebaki, kwa hiyo Papa hakuwa na haraka nami.

"Usiniambie ni nzuri," alikuwa akisema. "Niambie unaona nini."

"Naona nyekundu."

"Nyekundu gani? Ya pilipili? Ya tofali? Ya ulimi?"

Nilipokuwa na miaka kumi na mmoja serikali ilitunyang'anya majina ya ubatizo, na shuleni nikawa Mujinga, jina langu la kikwetu. Mkekani nilibaki Noëlla. Nilikua nikiamini kwamba mimi na Papa tunaelewana hata bila kufungua mdomo. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo.

Mwezi wa pili, mwaka 1986, alikuwa amesimama kwenye ubao uliofungwa kwa kamba ubavuni mwa meli, akiandika jina, akaangusha brashi majini. Wenzake walimcheka. Akaangusha na kopo la rangi, kisha naye akaanguka. Walimtoa majini akiwa hai. Hospitalini daktari alituambia mshipa umepasuka kichwani. Upande wa kulia wote ulikuwa umekufa, na maneno yalikuwa yamekwenda.

"Yatarudi?" nikamuuliza.

"Tungoje," akasema, akamgeukia mgonjwa mwingine.

Tukamrudisha nyumbani, mtaa wa Kataki. Wakati huo nilikuwa na cherehani yangu sokoni na chumba changu mwenyewe, nikavifunga vyote viwili nikarudi kulala kwa wazazi. Papa alikuwa na sauti moja tu, "ba, ba, ba," na mkono wa kushoto uliotetemeka. Siku ya tisa, kwa kutaka tu kumfurahisha, nikamletea kitabu. Nikanawa mikono nikamwonyesha. Akaanza kufunua kurasa mwenyewe, taratibu, akazipita nyingi bila kuzitazama, akafika Pepa. Akaweka kidole.

"Ba," akasema. Akaniangalia.

Nikacheka kwa furaha. "Ndiyo, Papa, Pepa! Ng'ombe wako."

Akapiga ukurasa kwa kidole. "Ba! Ba!"

Hapo nikaelewa kwamba hakuwa akikumbuka. Alikuwa akiomba kitu.

Lakini kitu gani? Kidole kilitetemeka mno hata kikafunika picha nzima. Mara kilikuwa juu ya ng'ombe, mara kwenye mtumbwi, mara kwenye mgongo wa yule mtu. Nikamwambia, "Papa, nikisema sawasawa, finya mukono yangu." Nikataja ng'ombe, akafinya. Nikataja maji, akafinya. Kanisa, akafinya. Nikataja kiti, kitu ambacho hakikuwamo kabisa, na hicho pia akakifinyia. Kisha machozi yakamtoka upande mmoja wa uso, upande uliokuwa bado wake.

Kila siku ilikuwa hivyo. Kila asubuhi alikitaka kitabu, alifika palepale, aliweka kidole. Nilimletea maziwa, akayatema. Mama alidhani ni ziwa, tukambeba mpaka mahali anapoweza kuliona, akafumba macho. Nikafikiri ni kanisa, nikamwita Padri Valère, mzee Mbelgiji aliyekuwa amefika kutoka misheni ya Mpala. Akampaka mafuta matakatifu, akamwombea kwa sauti ya upole. Padri aliponyanyuka tu, Papa akakivuta kitabu tena.

Nikamshika padri mkono. "Padri, wewe unajua Kiflama. Hapa chini wameandika nini?"

Akavaa miwani. "Wameandika: Ng'ombe wakivuka maji."

"Na kingine?"

"Vipimo, binti yangu. Sentimita sitini kwa themanini." Akaniangalia, nadhani alitamani kungekuwa na zaidi. "Pole sana."

Mwisho wa mwezi wa tatu akaja Papa mudogo Eugène, mdogo wake Papa. Nikamwonyesha ukurasa. Hakusita hata kidogo.

"Ninyi watu wa muji munasumbuka bure. Anataka kwao. Pepa njo kwao. Anataka akufe kule juu, alale karibu na mama yetu."

Ilikuwa na maana. Ilikuwa na maana kiasi kwamba niliona aibu kwa kutofikiri hivyo mapema. Si sisi wenyewe tuliouita ukurasa ule Pepa? Mama akaanza kukunja nguo. Eugène akapata lori la mfanyabiashara wa ng'ombe lililokuwa likipanda milimani. Mvua zilikuwa hazijaisha na barabara ilikuwa mbovu, tulijua anaweza kufia njiani. Tukatandika godoro nyuma, tukafunga turubai. Mimi nilikaa karibu na kichwa chake, kitabu mapajani. Nilijisikia mwepesi kwa mara ya kwanza tangu aanguke. Nilimwambia, "Papa, tunakwenda. Tunakwenda Pepa."

Injini ikawaka. Papa akapiga kelele ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima. Akakamata ubao wa lori kwa mkono wa kushoto, akajivuta, akataka kujitupa chini. Dereva akazima. Watu wa mtaa wakatoka kutazama.

"Anaogopa tu," Eugène akasema. "Twende, atatulia."

"Ananikatalia mimi," nikasema. "Mushusheni."

"Noëlla, usicheze na mapenzi ya mukubwa wako!"

"Mushusheni!"

Tukamshusha. Eugène akaondoka na lori lile bila kuniaga.

Jioni ile nilikaa na Papa nikamwomba msamaha. Nikafungua Pepa kwenye magoti yake. Kwa muda mrefu aliutazama, kisha akaweka kiganja chake juu ya kitabu na kukisukuma. Hakukisukuma kwa hasira. Alikisukuma kama mtu anayesukuma sahani akiwa ameshiba. Kesho yake nikakileta tena, akageuza uso ukutani. Alikuwa ameniacha. Alikuwa amejaribu wiki saba nzima, akaona siwezi.

Baada ya hapo hakuomba kitu chochote. Alikula nilichompa. Alinitazama wakati namwosha, kwa adabu, kama mgeni. Alikufa katikati ya mwezi wa tano, saa nne asubuhi, mimi nikiwa nje naanika mashuka yake.

Eugène alifika siku ya mazishi macho yamevimba. Akanikumbatia, akasema kitabu kizikwe na mwenyewe. Nikamuuliza Mama.

"Fanya unavyoona," akasema.

"Mama, wewe unafikiri alitaka nini?"

"Nimelala na yule mutu miaka makumi tatu na moja," akasema Mama. "Siyui, mutoto wangu. Na mimi siyui."

Nikakiweka kitabu kifuani pake, chini ya mkono wa kushoto. Fundi seremala akaleta mfuniko wa jeneza. Nikasema, "Ngoja." Nikakitoa. Nikasimama nacho, watu wakinitazama, nikakirudisha. Fundi akaweka msumari wa kwanza mdomoni, akangoja. Nikakitoa tena, nikakikumbatia. Basi Eugène akamwashiria fundi kwa kichwa, naye akaanza kupiga misumari.