Kivuli cha Tunda Moja

Mgeni alipiga hodi asubuhi moja ambayo Shigeto Isobe hakutarajia mgeni mwingine zaidi ya baridi. Alikuwa kijana wa suti nyeusi mwenye beji ya katuni rasmi ya mji: jua lenye mashavu mekundu, limejivika paneli ya sola kama kofia. Aliinama mara tatu, akajitambulisha kuwa ni Nagatsuka wa halmashauri, kitengo cha ruzuku za sola, akaomba radhi kwa kuja bila taarifa. Halmashauri ya mji wa Kurohata ilikuwa hodari sana katika kuomba radhi. Huduma nyingine zilikuwa zikisubiri bajeti.

Isobe alimkaribisha ndani. Ruzuku ile kwake haikuwa jambo la mzaha. Alikuwa ameendesha basi la shule kwenye barabara za mlimani tangu ujana, akastaafu mwaka ule kwa shada la maua, saa ya ukutani na magoti mabovu. Nyumbani kwao kulikuwa na baridi kiasi kwamba mkewe, Mitsue, alipika akiwa amevaa koti, na kila alipowasha hita aliizima tena kwa kuogopa bili. Ndipo wakaweka paneli. Fundi angelipwa kwa ruzuku. Ikikosekana, Isobe angerudi kwenye usukani msimu mzima wa theluji. Kampuni ya mabasi ilikuwa ikimpigia simu kumbembeleza, naye akiwacheka.

Na masharti aliyafuata kama mwanafunzi mgeni. Anayeanza kazi kabla ya kibali hapati kitu, basi akangoja kibali tangu miti ya plamu ilipochanua mwishoni mwa baridi hadi nyenje wa kiangazi walipoacha kulia. Paa lilipigwa picha kabla ya kazi, katikati ya kazi na baada ya kazi, na katika kila picha fundi alishika kibao cheusi kilichoandikwa kwa chaki jina la mwenye nyumba na kinachofanyika, halmashauri isije ikadhani Isobe ameazima paa la mtu.

Kabla fundi hajapanda, mume na mke walizunguka kwa majirani kuomba radhi kwa kelele ambazo zilikuwa bado hazijapigwa, wakiacha taulo jipya kila nyumba, kama ilivyo desturi. Bibi Toku wa nyumba ya pili alilipapasa taulo lake, akasema ni la bei rahisi. Kisha akanyoosha kidole kwenye mkaki wake, mti wa matunda matamu yaitwayo kaki, ambao matawi yake yalikuwa yamevuka ua na kutanda juu ya paa la Isobe.

"Kaki zote nitazichuma nizianike," alisema. "Ila lile la juu kabisa huwa naliacha. Ndilo mlinzi wa mti. Ndege wapate kula, na mti ujue kwamba mwakani tunautegemea tena. Fundi wako asiliguse mpaka ndege walimalize."

"Hataligusa, mama."

"Fundi simjui. Nakuuliza wewe, Shigeto."

"Halitaguswa. Nimekupa neno langu."

Ahadi ni deni, husema watu ambao hawajawahi kuomba ruzuku.

Sasa Nagatsuka alieleza, kwa maneno mengi ya adabu, kwamba picha ya mwisho ilikuwa na kasoro. Kona ya paneli moja ilikuwa na kivuli. Kikubwa? Hapana, kama kiganja. Lakini kanuni ilitaka paneli ziwe wazi kwa jua saa nne kamili asubuhi, na leo ndiyo siku ya mwisho ya kupokea maombi ya malipo. Angeweza kutuma barua tu, ifike kesho. Aliona heri aje mwenyewe na kamera.

Wakatoka nje wakatazama juu. Mkaki ulikuwa umepukutika majani yote. Kwenye tawi la juu kabisa lilibaki tunda moja, jekundu kama kaa la moto, na kivuli chake pamoja na cha tawi kilikuwa kimejilaza juu ya paneli. Halmashauri inayoacha taa zake ziwake mchana kutwa ilikuwa imehuzunishwa na tunda moja.

Isobe aliuliza kama picha haiwezi kupigwa saa tano. Nagatsuka akainama, fomu inasema saa nne. Isobe akauliza kama wanaweza kulivuta tawi kando kwa kamba. Mitsue akamkumbusha kwamba tunda limeiva hadi kuwa teketeke, ukilitikisa tawi linakuja lenyewe.

"Mzee, tawi liko juu ya paa lako," Nagatsuka alisema kwa sauti ya chini. "Likate, nipige picha, yaishe. Ngazi nitakushikia mimi."

Bibi Toku alikuwa ameenda kwenye kituo cha wazee, hangerudi hadi jioni.

"Na macho yenyewe hana," Mitsue aliongeza. "Mtundikie hata mpira, atausalimia."

Isobe alipanda ngazi na msumeno, magoti yakilalamika kila kipago. Kule juu aliona ndege wameshaanza. Upande mmoja wa tunda ulikuwa umedonolewa hadi ndani. Wa pili ulikuwa mzima, unang'aa. Kwa muda alifikiri kama karani: nusu ni kumaliza au si kumaliza? Kama ingekuwa halmashauri, ingeunda kamati. Lakini bibi hakuiuliza halmashauri. Alimuuliza yeye, kwa jina.

Akashuka. Msumeno ulikuwa haujagusa tawi.

"Ndege hawajamaliza," alisema.

"Unasemaje, mzee?"

"Piga picha yako. Kibao nitakishika mwenyewe."

Nagatsuka alilitazama tunda kwa muda, akasema kwamba bibi yake naye huacha moja. Kisha ikafika saa nne. Isobe aliandika kwa chaki, *Kivuli kipo*, akasimama wima kama mtu anayepokea tuzo. Kijana alipiga picha, akainama tena, safari hii chini sana, akaenda zake.

Mitsue alisubiri lango lifungwe.

"Mume wangu, mimi umewahi kunipa ahadi ya namna hiyo?"

"Niliahidi kukutunza."

"Basi kapige simu." Akaingia ndani, akafungua droo, akatoa glavu nyeupe za udereva na kuanza kuzikung'uta vumbi, kwa nguvu zaidi kuliko vumbi lilivyostahili.

Jioni gari la kituo cha wazee lilimshusha Bibi Toku. Alisimama kwenye ua, akainua uso juu, akakunja macho.

"Lipo?"

"Lipo, mama. Wanalila taratibu."

"Waache wale. Na taulo lako linachuja rangi."

Isobe alimtakia usiku mwema, akaingia ndani, akawapigia simu watu wa mabasi.